Pole Haina Kichina

Sijapata kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea Mama wa Mapokezi, na naanza na hilo asije mtu akadhani naandika sifa. Nilimwonea wivu asubuhi alipoingia kliniki na ushungi wake wa kijivu na viatu vya raba, nikamwonea wivu jioni alipokuwa akiteremsha mlango wa chuma. Alikuwa mtu wa mapokezi katika kliniki ya wanyama iliyoko nyuma kidogo ya barabara ya Guangyuan Xilu, mahali ambapo wakishusha marobota ya nguo hata baiskeli haipiti. Mimi nilikuwa na shahada ya tiba ya mifugo niliyoipata hukuhuku Guangzhou. Yeye alikuwa na kiti kisicho na mgongo.

Jina lake nalijua, ila pale kliniki hapakuwa na aliyelitumia. Wachina walimwita dajie, yaani dada mkubwa. Mimi mbele yake nilisema Mama, kwa kuwa alikuwa na umri wa mama yangu. Moyoni nilimwita Mama wa Mapokezi, kwa makusudi, ili nijikumbushe kwamba kazi yake ilikuwa inaishia kaunta.

Aliogopa mbwa. Hili lilinichekesha kwanza, baadaye likaniudhi. Alikuwa mtu wa Tanga, Mwislamu wa kushika, na kwake mate ya mbwa yalikuwa najisi isiyo na mjadala. Chini ya sinki aliweka mkebe wa biskuti uliojaa udongo mkavu alioupepeta mwenyewe. Mbwa akimlamba mkono hakupiga kelele wala hakuurudisha mkono kwa nguvu. Alimtabasamia mwenye mbwa, akauliza mambo yote ya kuuliza, akamkaribisha akae, kisha akaenda sinkini kunawa mara saba, moja kwa udongo, midomo ikihesabu. Na wenye mbwa wangekula kiapo kwamba Guangzhou nzima hakuna anayewapenda mbwa wao kuliko dajie. Palikuwa na bwana mmoja mnene mwenye kimbwa cheupe, huyo hakuondoka mpaka dajie amemuaga mbwa wake. Mama alimuaga akiwa mbali, mikono mgongoni. "Nenda salama, Bwana Mkubwa," alisema, kwa Kiswahili, na kile kimbwa kikatikisa mkia.

Mimi nimetoa ndama matumboni mwa ng'ombe, mkono umezama hadi begani. Kimbwa kilekile kilinibwekea kila kiliponiona.

Siku moja nilimwuliza iweje aongee nao vizuri hivyo na kuwagusa hataki.

"Kwani wewe kila unayeongea naye unamgusa?" akanijibu.

Kichina chake kilikuwa cha sokoni. Alikiokota kwenye masoko ya Zhanxi na Shisanhang, miaka aliyokuwa akinunua nguo za kupeleka nyumbani, kabla biashara haijamshinda. Alijua rangi, saizi, hesabu za dazeni, na namna sita za kusema kitu ni ghali mno. Toni alizitupa ovyo, akapandisha pa kushusha na kushusha pa kupandisha. Changu kilikuwa cha darasani, kimepigwa pasi. Kwenye simu watu walinidhania Mchina wa kaskazini, na wakifika wakaniona walisimama mlangoni wakinitafuta huku wananitazama.

Lakini nikishamaliza kumweleza mteja habari za figo za paka wake, kwa sarufi isiyo na doa, mteja aliitikia kwa kichwa, halafu akageuza shingo kuelekea kaunta. "Dajie, amesema nini?" Na yeye aliyarudia maneno yangu, nusu yake, tena yamekaa kichwa chini miguu juu, na mteja akaelewa. Kama hujawahi kufanyiwa hivyo hujui roho inavyouma.

Nikaanza kumchunguza. Niligundua kwamba aliuliza jina la mnyama kabla ya jina la mwenye mnyama. Kisha alisema, "Nianzie mwanzo," akaweka kalamu chini, na hakumkata mtu kauli hata akianza na ukoo mzima wa paka. Mtu akimaliza, alimrudishia yote. "Kwa hiyo jana hakula, leo amekunywa maji akatapika, na wewe hujalala." Hilo la mwisho mteja hakuwa amelisema. Ndilo lililomfanya aitikie kwa nguvu kuliko mengine yote.

Nilijaribu na mimi. Nilimwambia msichana mmoja mwenye sungura, kwa sauti ya huruma kabisa, "Na wewe hujalala." Akasema amelala vizuri sana, kwa nini nauliza, uso wake una nini. Mama wa Mapokezi aliinama chini ya kaunta kutafuta kitu ambacho hakikuwapo. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Kwa wafanyakazi wenzake ilikuwa vilevile. Daktari wetu wa upasuaji alikuwa bwana mwembamba, mkono wake mzuri, mdomo wake mzito. Vitu aliviagiza kwa kidevu. "Ile," alisema, na wasaidizi wakabahatisha ile ni ipi. Siku moja wakabahatisha vibaya, akarusha trei ukutani. Mama alingoja avue glavu, anawe, anywe chai yake hadi nusu. Kisha akaingia, mbele ya watu wote, akamwambia, "Daktari, ukisema ile, mimi sijui ile ni ipi. Nieleze kama unavyomweleza mjinga." Ujinga akajivika mwenyewe, na daktari akakosa wa kugombana naye. Tangu siku hiyo akawa anataja vitu kwa majina. Mwezi mmoja nyuma mimi nilikuwa nimemwambia neno lilelile, kwa hoja zilizopangika, na alininunia siku tatu.

Halafu palikuwa na xinku le. Ndiyo maneno Wachina wanayomwambia mtu aliyetoka kutaabika: umechoka, tumeona. Mama aliyasema kwa mfagizi, kwa kijana wa kuleta vifurushi, kwa daktari akitoka chumba cha upasuaji, kwa bibi aliyeingia amelowa mvua na mbwa kifuani. Aliyasema kwa toni mbovu na kwa kumaanisha, akimtazama mtu machoni, na nimeona watu wakinyooka migongo. Aliniambia aliyapata hapohapo Guangyuan Xilu, kwa wapagazi. Mpagazi ametua robota, mwenye duka anamwambia xinku le.

"Niliposikia nikauliza maana yake," alisema. "Nikaona kumbe hawa watu wana pole na kazi. Nikasema basi, hapa nitaishi."

Sasa nisije nikamfanya malaika, maana hakuwa. Watu wa kwao aliwapa ukali uliobaki baada ya Wachina kumaliza upole wote. Mfanyabiashara mmoja kutoka Dar es Salaam alimwomba amfuate Zhanxi kumtafsiria saa moja tu. "Mdomo wangu siuazimishi," akamjibu, akarudia kumpigia hesabu mteja wake. Nilimwona sokoni siku ya mapumziko akimtupia muuza blauzi blauzi yake, akaondoka, akarudi, akaitupa tena. Chakula cha mchana alikula peke yake, ameelekea ukuta. Ukimsalimia wakati huo alikujibu kwa nyusi.

Tena alikuwa na uongo mmoja. Hakujua kusoma Kichina, hata herufi moja. Kwenye kadi za wateja alichora: sikio, jino, mkia uliopinda, tumbo lenye mistari. Kila mtu aliona ni ucheshi wake, na laoban, mwanamke mwenye kliniki, aliwahi kuibandika kadi moja ukutani. Mimi nilijua tangu wiki yangu ya kwanza, kwa sababu mwenyewe aliniita pembeni, karibu na mtungi wa maji, akanipa karatasi ya wateja wa siku ile.

"Nisomee, mwanangu."

Nikamsomea. Alisikiliza amefumba macho, mara moja tu, na siku nzima hakukosea jina.

"Hili libaki baina yetu," akasema.

Likabaki. Kila asubuhi kabla laoban hajafika nilimsomea orodha, na nakiri kwamba dakika zile kumi nilizipenda kuliko kitu chochote cha siku. Ndizo dakika pekee ambazo yeye alinihitaji mimi.

Nieleze sasa nilichokuwa nakitaka, kwa sababu bila hicho nitaonekana mwenye roho mbaya tu. Kibali cha kukata na kushona sikuwa nacho. Mtihani wao nilikuwa nimeufanya nikaanguka, na nyumbani, Iringa, wazazi walikuwa wanawaambia majirani kwamba mtoto wao ni daktari China. Pale kliniki nilikuwa napima joto na kushika miguu. Lakini palikuwa na chumba kidogo chenye meza, viti vitatu na boksi la tishu, ambamo wateja waliitwa kuelezwa majibu. Laoban alikuwa amechoka kukaa humo na alikuwa anatafuta mtu. Anayekaa humo wateja humwita yisheng, daktari. Nilikitaka chumba kile kwa namna ambayo sasa hivi inanitia haya.

Akanipa nijaribu. Siku ya nne akafa paka wa mama mmoja wa makamo. Figo zilikuwa zimekwisha, hakuna aliyekosea, paka alikuwa mzee na alifia kwenye blanketi tukiwa bado tunamtafutia mshipa. Nikatoka nikamwite mwenyewe chumbani. Alikuwa ameshasoma uso wangu. Na mimi nilitaka kumwambia kitu kimoja tu, kitu ambacho kwetu hata mtoto anakijua. Nilitaka kumwambia pole.

Nikalitafuta. Kitabuni lipo neno la kumwambia mfiwa, ila nililisoma kwenye habari za misiba ya watu, nikaogopa kumwambia mtu wa paka. Ulimi ukachukua lililokuwa karibu.

"Duibuqi," nikasema. Nikaona halitoshi, nikaongeza. "Duibuqi, duibuqi."

Machozi yake yakakatika. "Mmemfanya nini?" akauliza.

Kwa maana duibuqi si pole. Duibuqi husema aliyekosa. Mimi nilikuwa nimeingia chumbani, nimekaa kwenye kiti cha daktari, nikakiri mara tatu kwamba paka tumemuua sisi. Haikupita nusu saa, mtoto wake wa kiume amefika, na mjomba, na simu imenyooshwa usoni mwangu inarekodi. Wakataka nirudie nilichosema. Kila nilivyozidi kueleza ndivyo Kichina changu kizuri kilivyozidi kunifunga, kwa sababu mtu anayeongea vile hawezi kusema hakujua maana ya neno. Laoban alisimama mlangoni amepauka. Nilijua nikitoka hapo natoka na begi langu.

Mama wa Mapokezi aliingia bila kuitwa. Hakumtazama kijana wa simu. Alivuta kiti akaketi kando ya yule mama, akamwambia kwa Kichina chake cha kuunga na uzi:

"Sisi kwetu, mtoto wako akianguka, mimi niko ng'ambo ya barabara, nasema pole. Sikumsukuma. Nimeona tu anaumia. Kwenu hapa neno hilo nimelitafuta, sijaliona. Huyu alikuwa nalo mdomoni, hakujua aliweke wapi, akachukua la jirani. Amechukua baya. Ni mgeni."

Kisha akamshika mkono. "Umempa maji kwa bomba la sindano miezi yote hiyo. Umeamka usiku. Xinku le."

Yule mama akalia, safari hii kilio cha kweli, amemwinamia begani. Simu ikashuka. Mjomba akaomba maji ya kunywa.

Alikuwa ameniokoa, hilo halina ubishi. Lakini wakati anaongea, nilichokisikia mimi ni kwamba nilikuwa naelezwa, nimesimama pale na koti langu jeupe, kama mbwa anayeelezwa kwa nini ameng'ata. Ni mgeni. Na yeye je, alikuwa mwenyeji wa wapi? Nikatoka chumbani bila kumpa asante. Jumatatu laoban akampa yeye chumba.

Wiki mbili nikamsomea orodha asubuhi, yeye akaingia chumbani, mimi nikarudi kushika miguu. Wateja walitoka wamefuta machozi, wengine wakicheka. Kupitia mlango nilimsikia akisema, "Nianzie mwanzo." Gere ikanijaa mpaka chakula kikawa hakina ladha.

Ndipo laoban akaniita nimsaidie kufunga mfumo mpya wa rekodi za kompyuta. Kila mtu angekuwa na kibao chake cha kugusa, kadi za karatasi ziishe. Hakuniuliza chochote kuhusu Mama. Nilianza mwenyewe.

"Dajie itampa shida hii," nikasema. "Hajui kusoma."

"Umejuaje?"

"Mimi ndiye ninayemsomea."

Nilisema kwa upole, sauti ya mtu anayemhurumia mwenzake, na kwa toni zote nne bila kukosea hata moja.

Kesho yake laoban aliweka kibao juu ya kaunta, sisi sote tukiwapo, akamwomba Mama asome mstari wa kwanza. Mama aliutazama mstari. Halafu akanitazama mimi, si kwa muda mrefu. Angeweza kusingizia miwani, watu wote husingizia miwani. "Sijui kusoma," akasema, akakisukuma kibao taratibu kurudi kwa mwenyewe.

Laoban hakuwa mkatili. Alimwambia kuna nafasi nyuma, kwenye vizimba na kufua mataulo. Mama akakubali. Yule mwanamke aliyeogopa mate ya mbwa akashinda katikati ya mbwa kuanzia asubuhi hadi jioni, na mkebe wa udongo ukahamia sinki la nyuma. Nikiwa chumbani kwangu, maana sasa kilikuwa changu, nilisikia maji yakifunguliwa na kufungwa, na bila kutaka nikawa nahesabu pamoja naye hadi saba. Ngozi ya mikono yake ikapasuka. Wiki ya tatu hakuja. Laoban alisema amerudi kwenye biashara ya nguo. Mkebe aliuacha.

Wananiita yisheng. Wanaketi, naeleza, wanaitikia kwa kichwa, kisha wanageuza shingo kuelekea kaunta, ambako sasa kuna binti anayesoma vizuri sana. "Dajie yuko wapi?" wanauliza. Nasema amesafiri. Bwana mnene wa kimbwa cheupe aliuliza mwaka mzima. Kimbwa chenyewe kilikuwa kinakaa kitako mlangoni, kinangoja kuagwa, mpaka mwenyewe akibebe.

Juzi nilitumwa mataulo ya jumla, nikakata njia kupitia mlango wa pembeni wa jengo moja la nguo pale Guangyuan Xilu. Alikuwa amekaa juu ya robota, anafunga kamba ya plastiki ya robota la pili. Ushungi uleule wa kijivu. Juu ya gunia, mahali watu wanapoandika jina na bandari, alikuwa amechora kwa kalamu nene sikio la paka.

Ningeweza kurudi nyuma. Yeye ndiye aliyeniona kwanza.

"Dokta."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Bwana Mkubwa yu hai?"

Nikamwambia yu hai, amezeeka, jicho moja limeingia ukungu. Akasikitika kweli. Akauliza kama daktari bado anasema "ile". Nikamwambia hapana, anataja vitu kwa majina. Akacheka. Akaniambia anarudi Tanga moja kwa moja, haya ndiyo marobota ya mwisho, na anamngoja mpagazi aliyesema anakuja tangu asubuhi. Mikono yake ilikuwa bado na mipasuko kwenye vifundo, myeupe ya zamani.

Nilikuwa nimeitazama kupita kiasi. "Pole, Mama," nikasema.

"Pole ya nini?"

"Na yale yaliyokupata. Pale kliniki."

Aliacha kufunga. Hakukasirika. Alinitazama alivyokuwa akiwatazama wateja walioruka mwanzo wa habari.

"Pole husema asiyehusika, Dokta," akasema. "Wewe ulikuwapo nilipomweleza yule mama wa paka."

Akarudi kwenye kamba yake. Wapagazi walikuwa wanapita na mikokoteni, wakitupigia kelele tusogee. Neno lenyewe nilikuwa nalo. Nisamehe, neno fupi, la Kiswahili changu mwenyewe, na mdomo wangu haukutaka kulitoa. Nikaufungua, likatoka jingine.

"Duibuqi."

Akainua kichwa.

"Ee," akasema. "Hapo ndipo mahali pake."

Somo la kwanza kabisa la kitabu cha Kichina, mmoja anasema duibuqi, mwenzake anajibu mei guanxi, haidhuru. Tulilikariri darasa zima kwa sauti. Nikasimama nikilingoja jibu. Alikaza fundo, akalijaribu kwa kidole, akainuka. Akainama, akakamata pembe moja ya robota, akanionyesha pembe nyingine kwa kidevu.

"Shika huku," akasema.

Nikashika.